Mkaa, gesi au makaa ya mawe: moto gani kwa mhunzi anayeanza Moshi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Pasua, Moshi. Nimeajiriwa kuchomelea mageti na grili, ila nataka kuanza kufua chuma mwenyewe: maua ya mageti, tindo za mafundi ujenzi, na baadaye visu vya jikoni. Nimepanga chumba kwenye nyumba yenye uwa, tuko wapangaji wanne. Akiba yangu ni kama laki tatu. Mtandaoni kila mtu ana lake. Wengine wanasema mhunzi wa kweli anatumia makaa ya mawe, wengine wanasema gesi. Mtungi wa kilo 6 ninao, wa kupikia. Fundi mwenzangu ananicheka, anasema mkaa wa jikoni hauwezi kuivisha chuma. Nianze na moto upi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Anza na mkaa. Gesi itakuja baadaye, pengine mapema kuliko unavyodhani. Makaa ya mawe yaache kwanza. Hilo ndilo jibu, na yanayofuata ni sababu zake, maana usipozijua utabadili mawazo kila ukishika simu.

Nianze na huyo fundi anayekucheka. Yeye ameuona mkaa ukiwa chini ya sufuria ya maharage. Pale unavuta hewa wenyewe, kidogokidogo, nao unabaki mwekundu mtulivu. Ukichomeka chuma humo kitapata wekundu hafifu na kuishia hapo. Mkaa huohuo ukipulizwa kwa bomba unapita nyuzi 1,200 bila shida, na ukizidisha kupuliza, chuma chenyewe kinaanza kurusha cheche nyeupe, yaani kimeungua na hakina kazi tena. Wazee wetu waliyeyusha mawe yenye chuma kwa mkaa wa miti. Upareni ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi hiyo, na chuma cha Upare kilipanda hadi Uchagani, ambako wahunzi wa Mamba walikifua majembe na mikuki, ikiwemo ile waliyowauzia Wamasai. Moto wao ulikuwa mkaa na mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Moto uliotoa chuma kwenye jiwe hautashindwa kupinda flati ba, ule utepe bapa wa chuma.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza unachoma nini, uliza unapuliza vipi. Watu wengi wanaoanza hutumia fedha zote kwenye nishati, kisha hewa wanaiokoteza. Matokeo yake jiko linakula gunia zima na chuma hakijafika rangi ya njano hata mara moja, halafu lawama zinakwenda kwa mkaa.

Rangi nazo uzijue mapema, kwa sababu ndizo kipimajoto chako. Flati ba unayochomelea kila siku ni chuma laini. Anza kuigonga ikiwa ya njano, kati ya nyuzi 1,100 na 1,200, na uirudishe motoni ikishuka kwenye wekundu wa kawaida, nyuzi 850 hivi. Ukiendelea kuigonga ikiwa imepoa zaidi ya hapo unachosha mkono bure, na chuma kinaweza kupasuka. Springi ya gari ni jambo jingine. Ina kaboni nyingi zaidi, haivumilii njano ya kung'aa, na mwanzo mzuri kwake ni rangi ya chungwa. Haya yote yanaonekana vizuri kivulini tu. Jua la saa saba mchana la Moshi litakudanganya: chuma kitaonekana cheusi kumbe kinaunguza, na chenye rangi ya chungwa utakiona mwekundu, uzidishe moto hadi ukiharibu. Kabla hata ya kujenga jiko, tafuta mabati mawili matatu uweke paa, pande ziwe wazi.

Sasa jiko lenyewe. Wewe ni mchomeleaji, kwa hiyo una faida ambayo wengi wanaoniuliza swali hili hawana. Tengeneza sanduku la bati la milimita 2 au 3, urefu sentimita 60, upana 50, kina 20, na miguu itakayolifikisha usawa wa kiuno chako. Rimu la lori nalo linafaa ukilipata kwa bei ya chuma chakavu, ila sanduku lina nafasi ya kulaza chuma kirefu. Lijaze udongo wa kichuguu. Mchwa wameshakuchekechea, unashikana vizuri na unavumilia moto kuliko udongo wa shambani. Changanya na mchanga safi na majivu kidogo yaliyochekechwa, maji machache tu, kiasi cha udongo kushikana kiganjani bila kuchuruzika. Katikati chimba mfereji wenye umbo la V: urefu sentimita 25, upana wa juu 15, kina 15. Uache ukauke taratibu kivulini, siku kadhaa, kisha uwashe moto mdogo wa vijiti kabla ya moto wa kazi. Ufa mdogo hauna neno, unaziba kwa udongo uleule.

Usitie saruji. Zege likipata joto kali linapasuka na kurusha vipande, hasa likiwa bado na unyevu ndani. Mawe ya mtoni ni hatari vilevile, kwa sababu hiyohiyo.

Bomba la hewa liingie kwa ubavuni. Watu wa makaa ya mawe huingizia hewa kutoka chini, na michoro mingi ya mtandaoni imechorwa kwa ajili yao, ndiyo maana anayeiga kwa mkaa analalamika majivu yanaziba tundu. Kwa mkaa, mdomo wa bomba ukae upande mmoja wa mfereji, sentimita 5 hivi juu ya sakafu yake, ili majivu yapate pa kulala. Bomba jeusi la inchi moja linatosha. Lile la maji lenye kung'aa usiliguse: limepakwa zinki, na zinki huchemka kwenye nyuzi 907, halafu moshi wake mweupe unakupa homa, kutetemeka na kifua kubana usiku kucha. Umechomelea mabati, bila shaka unaijua harufu yake. Bomba liache refu, maana mdomo wake utaliwa na moto polepole, na kila ukifupika unasukuma ndani kidogo.

Nani apulize? Hapa nina msimamo, na najua wengine watanipinga. Puliza kwa mkono. Chukua rimu tupu la baiskeli la 28, lifungie mpini, na mkanda wa mpira uzungushe pulli ndogo (kigurudumu cha mkanda) ya feni inayopuliza bombani. Rimu likiwa na kipenyo cha sentimita 60 na pulli sentimita 4, kila mzunguko mmoja wa mkono unazungusha feni mara 15. Sekunde moja kwa mzunguko unapata mizunguko 900 kwa dakika, na hiyo ni hewa tosha kwa kazi yako ya mwaka wa kwanza. Umeme ukikatika, wewe unaendelea. Ila sababu kubwa zaidi ni hii: ukitoa chuma motoni ukaanza kugonga, mkono umeacha mpini na mkaa unapumzika. Feni ya umeme haijui kwamba umeondoka. Inapuliza tu wakati wewe uko kwenye fuawe, lile pande la chuma la kufulia, na nusu ya gunia lako inaishia kupasha joto anga la Pasua. Kama ni lazima iwe umeme, draya ya saluni iliyotumika inafanya kazi, lakini ina nguvu mno kwa mkaa. Usiibane kwenye bomba. Iweke mbali nalo kidogo ili hewa nyingine imwagike nje, na weka swichi ya kukanyaga kwa mguu.

Siku ukipata nafasi panda Mamba, upande wa Marangu, ambako wahunzi bado wanaonyesha kazi hiyo kwa wageni. Wasikutie hamu ya mikuki tu. Tazama mikono ya anayevukuta. Ana mifuko miwili ya ngozi, mmoja ukishuka mwingine unapanda, hivyo hewa haikatiki hata kidogo. Huo mwendo ndio unaoutafuta kwenye mpini wako: pole, wa kuendelea, bila kushtuka. Anayepuliza kwa vishindo anapata moto wenye madoa, huku umeungua, kule haujaiva.

Mkaa wenyewe uununue kwa jicho tofauti na la mama wa nyumbani. Yeye anataka mapande makubwa yakae jikoni hadi maharage yaive. Wewe unataka vipande vidogo vya sentimita 2 hadi 4, kwa sababu mapande makubwa yanaacha mapengo, hewa inapita moja kwa moja hadi kwenye chuma na kukitoa magamba. Muuzaji yeyote wa mkaa ana zile chenga zinazobaki chini ya gunia, ambazo wateja wake hawazitaki. Ongea naye, atakuwekea kwa bei ya chini kuliko mkaa mzima. Nyumbani chekecha utoe vumbi, linalobaki ni mkaa wa mhunzi. Ukinunua gunia zima, usihesabu magunia, pima kilo. Lumbesa moja si sawa na nyingine. Mkaa mzito wa migunga unakaa sana lakini unapasuka na kurusha cheche. Mkaa mwepesi unawaka upesi, moto wake ni safi, ila unakwisha haraka. Mimi huchanganya. Ule mkaa mbadala wa kufinyangwa, wa makapi ya kahawa au pumba, ni mzuri jikoni lakini wengi wake ukipulizwa kwa nguvu unamomonyoka na kuacha majivu tele, kwa kuwa umeshikizwa kwa udongo. Jaribu kilo moja kabla hujaamini maneno ya muuzaji.

Na ununue kwa mtu anayefanya biashara hiyo kihalali. Mkaa ni zao la msitu na usafirishaji wake unataka kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Gunia la bei ya kutupa linaloshushwa usiku litakusumbua siku moja.

Jinsi ya kukaa na moto huo. Jaza mfereji, washa, puliza pole hadi katikati pawe na mwanga wa njano. Chuma ukilaze mlalo, juu ya usawa wa bomba, si mbele ya mdomo wake. Kati ya bomba na chuma pawe na sentimita 8 hadi 10 za mkaa unaowaka, na juu ya chuma pawe na mkaa mwingine wa kukifunika. Karibu na bomba kuna oksijeni nyingi, hapo ndipo chuma kinapoliwa. Juu kidogo oksijeni imeshaisha, joto lipo na chuma kinakaa salama. Wanaoanza wengi hulichimba jiko wakitafuta chuma kimefikia wapi, wakakishusha hadi kwenye mdomo wa hewa, halafu wanashangaa ncha ya tindo imepotea. Ukitaka kuangalia, kitoe nje, kitazame, kirudishe palepale. Kila mara sukuma mkaa kutoka pembeni kuja katikati badala ya kumwaga mpya juu.

Kuhusu wapangaji wenzako, mkaa ukishashika hauna moshi wa kusumbua, na hilo ni jambo kubwa kwenye uwa wa watu wanne. Cheche zipo, kwa hiyo siku ya kazi nguo zisianikwe upande huo, na ndoo ya maji na ya mchanga ziwe karibu. Kitakachokugombanisha nao ni nyundo. Zungumza na mwenye nyumba na majirani kabla ya siku ya kwanza, mkubaliane saa. Mtoto anayelala saa nane mchana ana haki zake.

Na hili sitanii: usije ukafanya kazi hii ndani ya chumba, hata mvua ikinyesha, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na jiko la mhunzi linaitoa nyingi kuliko jiko la kupikia. Kichwa kikianza kuuma ukiwa jikoni kwako, ondoka kwanza, mengine baadaye.

Sasa gesi. Simpingi anayeisifia, nami mwenyewe kazi nyingi nafanya kwa gesi. Unafungua, unawasha, baada ya dakika 10 chemba yote ina joto sawa. Unaweka vipande vinne ndani, kimoja unakigonga, vitatu vinaiva. Haina kupuliza, na ni vigumu kidogo kuunguza chuma. Visu navyo vinafaidika, kwa sababu kisu kinapotiwa ugumu kinataka joto sawa toka mpini hadi ncha. Lakini angalia unachotaka kufanya mwanzo: maua ya geti. Ua likishapindwa mara mbili halipiti tena kwenye mlango wa tanuri la gesi, ambao kwa tanuri dogo ni kama kiganja. Jiko la mkaa liko wazi, chuma cha umbo lolote kinalala juu yake. Hata utakapokuwa na gesi hutaliuza jiko lako la mkaa.

Na huo mtungi wako wa kilo 6 uache uendelee kupika. Una matatizo mawili. La kwanza ni regyuleta. Ya jikoni imetengenezwa kushusha mgandamizo hadi kiwango kidogo sana, na bana za wahunzi, yaani vichomeo vya gesi, zinazovuta hewa zenyewe haziwezi kuishi kwa mgandamizo huo. Zinataka regyuleta ya kurekebishika inayofika mgandamizo wa baa 2 au zaidi, pamoja na mpira wake wa mgandamizo mkubwa. Usije ukaondoa regyuleta na kuunganisha mpira moja kwa moja kwenye valvu, hata kama umeona mtu akifanya hivyo kwenye video na bado yuko hai. La pili ni kuganda. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili kigeuke kuwa gesi kinavuta joto kutoka kwenye mtungi wenyewe. Bana moja ya mhunzi inakula nusu kilo hadi kilo nzima kwa saa. Mtungi mdogo hauwezi kutoa kasi hiyo: unapoa, unatoka jasho, unapata barafu kwa nje, na mwali unalegea wakati chuma kimekaribia kuiva. Hapa kwetu Arusha mwezi wa Julai ni mbaya zaidi, hasa kwa kuwa gesi ya mitungi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani kwenye baridi ni mvivu. Mtungi wa kilo 15 unavumilia kwa kazi fupi, wa kilo 38 ndio wa karakana. Asikudanganye mtu kuuwekea mtungi moto ili uchangamke. Wala usiulaze, maana kimiminika kitatoka chenyewe.

Huo mchanganyiko una jambo jingine ambalo michoro ya mtandaoni haikuambii. Bana nyingi za Marekani zimepigiwa hesabu ya propani tupu. Lita moja ya mvuke wa propani inataka lita 24 hivi za hewa ili iungue sawasawa, butani inataka 31. Ongeza kwamba Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Ukitengeneza bana kama mchoro ulivyo, itakosa hewa, na utaona ndimi ndefu za njano zikitoka mlangoni. Dawa yake ni tundu la gesi dogo zaidi kidogo na mlango wa hewa unaoweza kuufungua na kuufunga. Moshi mko chini kwetu, tofauti ni ndogo, lakini ipo.

Chemba nayo ina gharama yake. Inataka blanketi la nyuzi za kauri lenye unene wa sentimita 2.5 au zaidi, likapakwa udongo wa moto juu yake, kwa sababu vumbi la nyuzi zile likiingia mapafuni halitoki. Kuliagiza Dar es Salaam au kulipata kwa watu wa matanuri ya viwandani ni kazi na fedha. Ukikosa, tumia matofali ya moto, yanachelewa kupata joto lakini yanafanya kazi. Mabati ya zamani ya asbesto yasiguswe kabisa.

Lini uhamie gesi? Hesabu ni rahisi. Jiko la mkaa la ukubwa huo linakula kilo 2 hadi 4 kwa saa ya kazi ya kweli, kwa kupuliza kwa mkono. Gesi nusu kilo hadi moja, lakini inawaka muda wote, hata unapokunywa chai. Andika bei ya kilo ya mkaa na bei ya kilo ya gesi za mtaani kwako, uzidishe. Kwa anayefanya kipande kimoja kimoja jioni baada ya kazi, mkaa hushinda, hasa wa chenga. Siku unapopata oda ya mikuki 60 ya juu ya uzio, yote sawa, gesi inalipa ndani ya oda hiyo. Na kuna upepo mwingine wa kuutazama. Tangu 31 Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Wewe hupiki, ila soko lako ni lilelile. Mkaa hautabaki rahisi miaka yote, kwa hiyo kila ukiuza tindo weka kando kidogo kwa ajili ya regyuleta.

Makaa ya mawe. Wanaoyasifu mtandaoni wengi wako Uingereza na Marekani, ambako yamekuwa karibu na karakana zao kwa vizazi. Sisi tunayo, Ngaka kule Mbinga na Kiwira kusini-magharibi, lakini shehena zake ni za viwanda, na ziko mbali na Pasua. Hata ukipata gunia, hujui ni ya aina gani. Mhunzi anataka yale yanayoshikana motoni na kuwa koki, yaani makaa magumu yasiyo na moshi, yenye salfa kidogo. Mengine yanaungua tu na kuacha mabonge yaliyoyeyuka kama kioo yanayoziba hewa. Na moshi wake wa kuwashia, mzito, wa njano na wenye harufu, utakumalizia urafiki wa uwani kwa siku moja.

Mengine nayapitia haraka. Oili chafu ya gereji ni ya bure na ina joto kali, ila tone la maji ndani yake linarusha moto, na moshi wake una madini mabaya. Si kazi ya anayeanza wala ya uwani. Oksijeni na asetilini za kazini kwako zinaweza kupinda ua moja, lakini kuivisha chuma kizima kwa gesi ile ni kuchoma noti. Mashine ya umeme ya kuivisha chuma kwa sumaku ni safi ajabu, ila inataka umeme mkubwa kuliko ulio kwenye Luku ya nyumba ya kupanga.

Basi laki tatu zako zigawe hivi: jiko zima, na feni yake, lisizidi robo. Nyundo ya kilo moja nzuri, koleo utazifua mwenyewe kwa flati ba, na hiyo ndiyo iwe kazi yako ya kwanza kabla ya tindo. Fuawe tafuta kipande cha ekseli ya lori, ukisimamishe wima ndani ya gogo. Kipande cha reli usinunue, hata kikiwa cha bei nzuri kwa watu wa chuma chakavu; reli ni mali ya umma na kinaweza kukuletea kesi. Fedha itakayobaki nunua sumaku ndogo. Springi ikifika nyuzi 770 hivi sumaku inaacha kuishika, na ukipita hapo kidogo ndipo unapoizamisha kwenye oili ya kula kutia ugumu tindo. Tindo ukiitoa usiipige jiwe papo hapo: isugue ing'ae, ipashe pole upande wa nyuma hadi rangi ya zambarau iteremke kufika kwenye makali, kisha izime. Bila hivyo itapasuka kama kikombe, na fundi aliyekununulia atarudi nayo.

Ukimaliza kazi jioni usimwage maji jikoni, udongo utapasuka wote. Tawanya mkaa pembeni kwa koleo, ule unaowaka uutie kwenye debe la bati lenye mfuniko unaobana, uuweke nje. Asubuhi utaukuta umezima na mzima, na huo ndio mkaa mzuri kuliko wote wa kuanzia moto unaofuata, kwa sababu hauna maji tena ndani yake wala haurushi cheche.